Mwache Mama Apande Basi

Leo nina barua moja tu mkononi. Nimeipa nafasi yote kwa sababu walioniuliza swali hilihili kwa mdomo, sokoni, msibani na kwenye benchi la kliniki, nikiwahesabu wanajaa basi.

Aliyeniandikia anaishi Dar es Salaam. Ameajiriwa, huu ni mwaka wake wa tatu kazini, na mimba yake ya kwanza imefika wiki ya 31. Anasema: "Dada, mama yangu yuko Songea, anataka nikajifungulie kwake. Bosi anasema likizo ya uzazi haitoki mpaka uchungu uanze. Mimi nimepanga nikifika wiki ya 36 nipande basi niende, liwalo na liwe. Unanishauri nini?"

Mdogo wangu, hongera kwanza. Na usione haya kumtaka mama yako. Mimba ya kwanza na mama ni vitu vinavyoitana. Nani mwingine atakukanda, akupikie uji wa pilipili manga, akushike mkono usiku wa tatu mtoto anapolia na wewe unalia? Hamu yako ni ya haki. Kinachonitia hofu ni hiyo wiki ya 36 na hilo "liwalo na liwe".

Tuanze na bosi, maana hapo amekosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inasema mwajiriwa anaweza kuanza likizo ya uzazi wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe ya makadirio ya kujifungua. Daktari akiandika kwamba afya yako au ya mtoto inahitaji upumzike mapema zaidi, unaanza mapema zaidi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke asubiri uchungu umkutie mezani kwake. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, na ukijifungua mapacha ni siku 100. Sharti ni uwe umetimiza miezi sita kazini, na wewe umeshaipita.

Sasa chukua kalamu tuhesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoteza siku bila kujua. Hizo 84 ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo ndani. Ukianza likizo wiki nne kabla, umeshatumia siku 28. Mtoto akija kwenye tarehe yake, unabaki na siku 56, yaani wiki nane. Wiki nane, mdogo wangu! Mtoto ndiyo kwanza ameanza kukutambua na kukuchekea, na wewe unatafuta viatu vya kurudia kazini.

Lakini una likizo nyingine, ile ya mwaka. Sheria inakupa siku zisizopungua 28, nayo ni haki inayojitegemea. Mwajiri haruhusiwi kukulazimisha uitumie badala ya likizo ya uzazi. Kwa hiyo una mikoba miwili, na swali ni utaifungua kwa mpangilio gani.

Kabla ya hapo, kuna barua ya kuandika. Sheria inakutaka umjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, ukiambatisha cheti cha daktari. Najua tulivyolelewa: mimba haitangazwi, tumbo litajisema lenyewe. Nyumbani hilo ni sawa, ila ofisini kimya hicho kinakugharimu. Miezi mitatu kabla ni kama wiki ya 27, kwa hiyo wewe umeshachelewa. Usijifiche kwa sababu hiyo. Nenda kesho kliniki uchukue cheti, andika barua, taja tarehe ya makadirio na tarehe unayotaka kuanza likizo, kisha ipeleke kwa ofisa utumishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mazungumzo ya kwenye korido yanasahaulika, muhuri hausahauliki.

Na ukiwa hapo, kama unafanya zamu, ulizia zamu ya usiku. Mjamzito hatakiwi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho, na akijifungua, miezi miwili ya mwanzo pia. Kazi za hatari kwa mimba au kwa mtoto anayenyonya haziruhusiwi kabisa.

Sasa twende barabarani.

Ngoja nikusimulie yangu. Mimba yangu ya kwanza na mimi nilimtaka mama, naye alikuwa Mbeya. Nilisubiri likizo ianze, nikaondoka wiki ya 36 kama unavyotaka kuondoka wewe. Kwa kuona haya kuomba gari lisimame nikachimbe dawa kila saa, sikunywa maji tangu Chalinze. Kufika Ruaha Mbuyuni miguu ilikuwa imejaa hadi viatu havivaliki. Tukiwa tunapanda Kitonga, tumbo likaanza kukaza na kuachia, kukaza na kuachia. Abiria walinishusha Iringa, nikalazwa. Daktari alisema mwili ulikuwa umekauka maji na mtoto alikuwa anataka kuja kabla ya siku zake. Mungu alisaidia, uchungu ukatulia. Mama alipigiwa simu, akapanda basi la kwanza la alfajiri kutoka Mbeya. Alinikuta wodini, akaketi pembeni ya kitanda, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Mwanangu, ungeniambia, si ningekuja mimi Dar."

Maneno hayo sijayasahau. Nilikuwa sijawahi hata kumuuliza.

Kutoka Dar hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900. Mwili wa mjamzito una tabia ya kugandisha damu upesi kuliko kawaida, na kukaa saa nyingi miguu ikining'inia kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Uchungu nao hauna adabu ya kusubiri stendi. Kuna vipande vya njia ile, hasa ukishapita Njombe, ambako kati ya mji na mji ni mwendo mrefu. Hata mashirika ya ndege yanajua hili: mengi yanadai barua ya daktari kuanzia karibu wiki ya 28, na mengi hayampakii mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36, au mapema zaidi kama ni mapacha. Basi halikudai barua yoyote, lakini mimba ni ileile.

Umeona mtego ulipo? Likizo inafunguka wiki ya 36, na wiki hiyohiyo ndiyo safari ndefu inapotakiwa kufungwa. Ukiisubiri likizo ili usafiri, umeshachelewa kusafiri.

Kwa hiyo nakuonyesha njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuondoka sasa. Omba likizo yako ya mwaka ianze wiki ya 32, ikiisha unaunganisha ya uzazi. Kabla hujakata tiketi, pita kliniki upimwe. Kama una presha, umewahi kutokwa damu, kondo la nyuma limekaa chini, una mapacha, au mkunga ana wasiwasi wowote, safari hiyo usiende. Ukiruhusiwa, kadi ya kliniki ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiwe kwenye begi lililo chini ya gari. Panga na mtu wa kukusindikiza. Kata siti ya njiani, karibu na mlango, mbali na tairi la nyuma. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Wa juu upite katikati ya matiti. Kunywa maji, na gari likisimama shuka utembee, hata kama huna haja ya kuchimba dawa. Ukiwa umekaa, zungusha vifundo vya miguu. Ukiweza, lala Iringa, umalizie kesho yake. Na uijue njia kwa hospitali zake: Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga, Njombe. Ukifika Songea usikae wiki nzima ukisalimia ndugu. Siku ya pili nenda kliniki wakujue na waione kadi yako.

Dalili hizi zikikukuta, njiani au nyumbani, usingoje kesho: damu, maji kuvuja, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au mtoto kupunguza kucheza. Nambari ya kuhifadhi kwenye simu ni 115, ya usafiri wa dharura wa m-mama, na haikatwi salio. Mwonyeshe na huyo anayekusindikiza.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda: mwache mama apande basi. Yeye hana tumbo la miezi minane. Mtumie nauli wiki mbili kabla ya tarehe, mpangie kitanda, mwambie aje na kanga zake na unga wake wa uji. Kliniki inabaki ileile, wakunga wanaokujua ni walewale, na mumeo yupo karibu. Tena hesabu inageuka. Daktari akikuona uko salama kufanya kazi hadi wiki ya 38, unatumia siku 14 tu kabla ya kujifungua, unabaki na siku 70. Ukikubaliana na mwajiri, kwa maandishi, kwamba likizo ya mwaka ifuate hapohapo, unaongeza 28. Jumla siku 98, wiki 14 na mtoto mkononi, badala ya wiki nane. Hizo wiki sita za ziada ni zawadi kwa wote watatu, wewe, mtoto na bibi yake.

Najua kuna mama ambao hawawezi kuja: wanauguza, wana shamba la kupalilia, au afya imechoka. Basi chagua njia ya kwanza, lakini ichague leo.

Mtoto akishazaliwa, wazee wetu walikuwa na neno lao: arobaini. Mzazi asitoke, asishike jembe, atunzwe. Sheria nayo inakataza mama kufanya kazi ndani ya wiki sita tangu kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kuwa yuko fiti. Wiki sita ni siku 42. Bibi zetu hawakusoma sheria, na bado hesabu zao zimekaribiana hivyo. Ofisini wakikupigia ufungue kompyuta "kidogo tu" wiki ya tatu, una wazee na sheria upande wako.

Ukirudi kazini unarudi kwa masharti yaleyale uliyoyaacha, na una haki ya hadi saa mbili kila siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Mtoto akija njiti, marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yameongeza likizo kufidia wiki alizokosa tumboni hadi zitimie 40. Na Mungu apishe mbali, mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana siku nyingine 84 zenye malipo. Nalitaja hili kwa moyo mzito, kwa sababu nimewaona waliorudi kazini na kilio chao kifuani, hakuna aliyewaambia. Baba naye ana siku tatu zenye malipo ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ni chache, lakini azichukue zote, na azitumie jikoni na kwenye kufua nepi.

Wasomaji wangu wa Kenya, kwenu sheria ya mwaka 2007 inatoa miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Zanzibar nao wana sheria yao. Chukueni nakala muisome.

Ukiachishwa kazi kwa sababu ya mimba, huo ni uachishaji usio halali. Peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Usizimalize siku hizo kwa kulia na kuombewa peke yake.

Na neno la mwisho ni kwako wewe dada mwenye nyumba, unayeisoma kona hii huku msichana wako wa kazi anaosha vyombo. Yeye pia ni mwajiriwa. Siku akikuambia ana mimba, usimfungashie virago na nauli ya kurudi kwao. Siku zake 84 ni zake, kama zako zilivyokuwa zako. Na yeye pia ana mama mahali fulani, anayeisubiri simu.

Mdogo wangu wa Songea, barua ya mwajiri ni ya kesho. Simu ya mama ni ya leo jioni. Mimi sikumuuliza wangu. Wewe muulize wako. Mwambie tu: "Mama, naomba uje."