SOMO: UMEUMIA MGONGO KAZINI NA UMEPEWA ASILIMIA NDOGO?

Ndugu wanakikundi, mkono ukikatika kila mtu anaona. Lakini mgongo ukiumia, watu husema, "Huyo anajifanya tu." Kwa hivyo wengi huchukua kidogo walichopewa na kunyamaza.

Tuchukue mfano. Juma ni mtu wa mjengo, mshahara wake shilingi 15,000 kwa mwezi. Alianguka na saruji mgongoni. Akaandikiwa ulemavu wa asilimia 10.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 huhesabu ulemavu wa kudumu kwa mshahara wa miezi 96. Kwa Juma hiyo ni shilingi 1,440,000. Asilimia 10 yake ni 144,000. Kama ingekuwa asilimia 25, angepata 360,000. Mnaona? Namba moja ya daktari ni karo ya watoto.

Sheria inakuruhusu kupinga. Fanya hivi:

1. Andika tarehe ya uamuzi. Una siku 60 tu za kupinga. Usingoje mavuno.

2. Rudi kwa daktari. Usiseme "naumwa" peke yake. Mweleze huwezi kuinama, huwezi kuinua mtungi, mguu unakufa ganzi, unaketi kwa muda gani. Mwombe aandike hayo yote. Beba kadi za hospitali na picha za eksirei.

3. Peleka pingamizi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu iliyowekwa. Eleza kwa ufupi unapinga nini na unataka nini. Baki na nakala yenye muhuri.

4. Mkurugenzi anatakiwa kujibu kwa maandishi katika siku 14. Usiporidhika, una siku 30 tangu jibu lake kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Na yule ambaye hajadai bado? Mwambie mwajiri mara moja, na dai lipelekwe kabla miezi 12 haijaisha tangu ajali.

Kikundi kisimwache mgonjwa peke yake. Anayejua kusoma amsindikize, na mfuko wa kikundi umkopeshe nauli. Haki ya mnyonge hupotea njiani kwa kukosa mwenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Nani kwetu ameumia kazini akanyamaza? Kwa nini?
2. Karatasi zake ziko wapi leo?
3. Nani atamsindikiza, na lini?