Betri ya Rimoti ya Kreni Ikiisha

Mzigo wa tani tano ukiwa hewani, halafu betri ya rimoti iishe ghafla, je, utaanguka? Hilo ndilo swali nililomwuliza baba yangu. Yeye huendesha kreni inayotembea kwenye reli karibu na paa la kiwanda cha vyuma.

Zamani baba alitumia vitufe vilivyoning'inia kwa waya, kwa hivyo ilimbidi atembee kando ya mzigo. Siku moja vyuma viliyumba vikamgonga bega, akakaa nyumbani majuma matatu. Siku hizi ana rimoti kiunoni, naye husimama mbali anapoona vizuri.

Mambo huwa hivi. Akibonyeza kitufe, rimoti hutuma mawimbi ya redio yenye nambari yake yenyewe. Kipokezi kilicho kwenye kreni hutii nambari hiyo tu, basi rimoti ya kreni jirani haiwezi kuisogeza. Ndipo mota huinua mzigo, huushusha au huupeleka upande anaotaka.

Na betri ikiisha? Mawimbi yakikatika, kipokezi hukata umeme wa mota. Breki nazo hubanwa na springi. Kazi ya umeme ni kuziachilia. Umeme ukikosekana, breki hubana na mzigo hubaki pale pale.

Niliposikia hivyo, moyo wangu ulitulia. Hata hivyo, baba hukijaribu kitufe chekundu cha kusimamisha kila asubuhi, wala hapiti chini ya mzigo. Ama kweli, tahadhari kabla ya hatari.