Vidonge vya Montréal na moyo wa mtoto

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 9, tunakaa Kimemi, hapa Butembo. Darasani hatulii, madaftari anayasahau, mwalimu amemchoka. Dada yangu wa Montréal ametutumia boksi la vidonge vya TDAH (tatizo la kukosa utulivu na umakini) ambavyo mtoto wake anatumia. Jirani anasema vinaharibu moyo polepole. Nimpe?

JIBU: Mama, boksi hilo liweke kwanza juu ya kabati. Vidonge vile vilipimiwa mwili wa binamu yake.

Jirani hakudanganya, ila ametia chumvi. Metilfenidati, dawa ya TDAH, huamsha ubongo na moyo pia: mapigo huongezeka kidogo, tansio hupanda milimita chache. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2011, uliohusu watoto na vijana zaidi ya 1,200,000, haukuona mishtuko ya moyo, viharusi wala vifo vya ghafla vikizidi kwa wanaotumia dawa hizi. Kuhusu miaka mingi, Uswidi ilitoa jibu mwaka 2023, baada ya kufuata watu 278,027 wenye TDAH, wakubwa kwa wadogo, hadi miaka 14. Waliotumia dawa zaidi ya miaka 5 walipata magonjwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 23 zaidi ya wasiotumia, hasa tansio. Kwa mtoto, ambaye hatari yake ni ndogo mno, nyongeza hiyo bado ni ndogo.

Mimi naogopa zaidi moyo utakaokipokea kidonge. Huku kwetu koo la mtoto likiuma tunampa maji ya chumvi, maumivu yanapita. Lakini mara nyingine, hata maumivu yakipita, wiki chache baadaye huja homa ya baridi yabisi, inayokula vali za moyo kimyakimya. Na ina sura moja inayowapoteza hata walimu. Mtoto aliyekuwa mtulivu anaanza kurusharusha mikono, kukunja uso, kuangusha kikombe, kulia bila sababu. Mwandiko unaharibika ndani ya wiki chache. Huyo si mtundu. Anahitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka. TDAH haizuki hivyo. Huonekana tangu udogoni, shuleni na nyumbani.

Wako pia watoto waliokimbia Beni, waliozoea milio ya risasi za usiku. Nao hawatulii, ila ni kwa hofu na kukosa usingizi.

Kwa hiyo daktari amsikilize moyo kabla ya kidonge cha kwanza. Mwambie kama mtoto huzimia akikimbia, au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla angali kijana. Omba mkanda wa tansio wa watoto: ule wa wakubwa, unaomzunguka mkono mara mbili, huonyesha tansio ya chini kuliko ilivyo. Akiandikiwa dawa, apimwe tansio, mapigo, uzito na urefu kila miezi 6, na kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa. Akizimia au kifua kikimuuma akicheza mpira, acheni kidonge, mpande pikipiki kwenda hospitali siku hiyohiyo.