Moshi wa Baa na Haki ya Jirani

Swali limetufikia katika darsa yetu kutoka kwa kijana mmoja wa huku kwetu pwani, ambaye afanya biashara ya nguo katika soko la Muthetheni, upande wa Mwala, Machakos. Asema kwamba duka lake limeshikana ukuta na baa, na dari yao ni moja. Na kila iingiapo jioni, moshi wa sigara hupenya juu ya ukuta ukajaa dukani mwake. Tena asema kwamba katika baa hiyo yuko mama mmoja mja mzito, mwenye kufuta meza na kuosha bilauri, naye havuti sigara wala hanywi pombe. Alipozungumza na mwenye baa, alijibiwa: “Hapa haingii mtoto. Kila aliyemo ni mtu mzima, naye ameingia kwa hiari yake. Sheria ya moshi na iwe ya mahoteli na maofisi, siyo ya baa.” Na alipowauliza baadhi ya Waislamu wenziwe, wakamwambia: “Watu wa ulevini wakuhusu nini? Waache na moshi wao.”

Sasa ataka kujua: hoja ya mwenye baa ina haki? Na je, yampasa Muislamu aseme neno, au anyamaze?

Ndugu zetu, swali hili si la Muthetheni peke yake. Pwani na Ukambani ni majirani wa tangu zamani; katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikileta pembe mpaka Mombasa, na leo vijana wetu ndio waendao huko kutafuta riziki. Tena hoja hiyo ya “watu wazima” yasemwa pia na wenye baa na klabu za usiku katika miji yetu wenyewe. Kwa hivyo twaona yafaa tulijibu kwa urefu kidogo.

TUMBAKU NA MAULAMAA

Asili ya tumbaku ni bara la Amerika, nayo haikufika katika nchi za Waislamu ila mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17. Ndiyo maana hapana aya wala hadithi iliyoitaja kwa jina lake, na ndiyo maana maulamaa walikhitalifiana. Sheikh Ibrahim al-Laqani wa Misri aliiharimisha. Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliandika risala ya kuitetea. Sultani Murad wa Nne wa Uturuki aliipiga marufuku mwaka 1633, na adhabu yake ilikuwa ni kuuawa.

Mwenye kuyatazama maneno ya walioihalalisha ataona kuwa yalisimama juu ya nguzo moja: kwamba madhara yake hayakuthibiti. Nguzo hiyo leo imeanguka. Hapana tena tabibu mwenye elimu na amana atakayekwambia kuwa sigara haidhuru. Na hukumu iliyojengwa juu ya sababu huondoka sababu ikiondoka. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul-Baqara, aya ya 195, kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu. Na maulamaa wengi wa zama zetu wameihukumu sigara kuwa ni haramu kwa sababu hiyo.

MADHARA YA ASIYEVUTA

Lakini swali la ndugu yetu si la mvutaji. Ni la yule aliye kando yake. Huyu khabari yake haikujulikana sawasawa mpaka mwaka 1981, alipotangaza mtaalamu wa Kijapani, Takeshi Hirayama, matokeo ya uchunguzi wake. Aliwafuatilia wanawake 91,540 wasiovuta, tangu 1966 mpaka 1979, akaona kuwa wale ambao waume zao walivuta sana walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Wanawake hao hawakupata kuigusa sigara. Kosa lao lilikuwa kuvuta pumzi katika nyumba zao wenyewe. Baada ya hapo ushahidi ulikuja kutoka kila upande, na leo yajulikana kuwa moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 katika hizo huleta saratani. Kwa mwenye mimba, moshi humfikia mpaka mtoto aliye tumboni, akazaliwa na uzito mdogo.

Basi hapa hatuna haja ya kukhitalifiana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana, na mafakihi wameifanya hadithi hiyo kuwa ni kaida kubwa katika kaida za sharia. Hata aliyekula kitunguu thaumu alikatazwa kuukaribia msikiti mpaka harufu imtoke, ili asiwaudhi wenziwe. Ikiwa harufu ya chakula cha halali imewekewa mpaka, basi moshi wenye kuua je?

HOJA YA “WATU WAZIMA”

Mwenye baa asema kuwa kila aliyemo ni mtu mzima na ameridhika. Sisi twamjibu kwa mambo matatu.

La kwanza: ridhaa ni ya mnywaji, siyo ya mtumishi. Mnywaji hukaa saa mbili akenda zake. Yule mama hukaa tangu jioni mpaka usiku wa manane, kila siku ya kazi. Hakuja kwa ajili ya starehe, amekuja kutafuta unga wa wanawe. Kumwambia, “Kama hutaki moshi, acha kazi,” si kumpa hiari. Ni kumkhiarisha baina ya njaa na maradhi. Yapo yaliyoshuhudiwa juu ya watumishi wa namna hii. Huko California sigara ilikatazwa ndani ya mabaa tangu tarehe 1 Januari 1998. Matabibu waliwapima watumishi 53 wa mabaa ya San Francisco kabla ya siku hiyo na baada yake. Kabla ya kukatazwa, watu 39 katika hao walikuwa na kikohozi, au kubanwa kifua, au dalili nyinginezo za pumzi. Baada ya wiki chache, 23 katika hao 39 walikuwa hawana tena dalili hizo. Hawakupewa dawa, waliondolewa moshi tu.

La pili: katika Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 imekwisha kukataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali panaponywewa pombe. Kwa hivyo kila baa kwa sheria ni ya watu wazima. Anayesema, “Ziachwe baa za watu wazima tu,” amesema ziachwe baa zote, ila amelivika neno lake nguo nzuri.

La tatu: moshi haujui mlango wala haujui umri. Maduka ya masoko yetu mengi, ya bara na ya pwani, hujengwa kwa safu, ukuta kwa ukuta chini ya bati moja. Huyu muuza nguo hakuingia baa, wala hakuridhia; baa ndiyo iliyomwingilia yeye.

CHUMBA CHA WAVUTAJI NA MFANO WA CHOMBO

Watu wengine husema: basi na watengewe wavutaji chumba chao mle mle ndani, na feni ziwekwe. Ni kweli kwamba Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, imekataza kuvuta sigara mahali pa watu wote na mahali pa kazi, na baa imetajwa humo pamoja na mahoteli. Lakini imemruhusu mwenye mahali kutenga sehemu ya wavutaji kwa masharti. Sharti lake ni kuwa chumba kiwe kimezibwa na kina njia yake mbali ya hewa. Pazia, au meza za pembeni, au dirisha lililo wazi, si chumba kilichotengwa. Na mwenye kuvuta mahali palipokatazwa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Hata hivyo wataalamu hawakiridhii chumba hicho. Mwaka 2007 nchi zilizomo katika Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku wa Shirika la Afya Duniani, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, zilikubaliana kuwa feni na vyumba vya kutengwa haviwezi kumlinda mtu, na kuwa kinga ni kuuondoa moshi wote ndani. Uganda ilishika njia hiyo katika sheria yake ya mwaka 2015.

Sisi wana wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kulifahamu jambo hili. Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano, na Bukhari ameupokea, wa watu waliopiga kura katika chombo, baadhi yao wakapata juu na baadhi yao chini. Wa chini wakawa hupita kwa wa juu kila watakapo maji, wakaona bora watoboe tundu katika fungu lao wenyewe, wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa watoboe, wote wamezama. Wakizuiwa, wote wameokoka. Hawakusema uongo kuwa fungu lile ni lao. Bali walisahau kuwa bahari haijui mafungu. Ndivyo alivyo mwenye baa. Chumba ni chake. Hewa si yake.

KHASARA YA BIASHARA

Yasemwa pia kuwa baa zitakosa wateja. Maneno haya yalisemwa sana Ireland, iliyokuwa nchi ya kwanza kukataza sigara mahali pote pa kazi, na mabaa yakiwamo, tarehe 29 Machi 2004. Mwaka 2009 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliukusanya ushahidi wa nchi mbalimbali, wakakata kuwa sheria hizi hazipunguzi biashara ya mabaa na mikahawa.

Sisi hatulisemi hili kwa kuitakia baa faida. Pombe ni haramu kwa nassi, na baa isiyo na moshi ni baa vilevile. Twalisema ili ijulikane kuwa hoja hiyo nayo haina miguu.

YATUPASAYO

Ama wale waliosema, “Waache na moshi wao,” twawakumbusha aya ya 8 ya Suratul-Maida, ambayo humo Mwenyezi Mungu ametuonya kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu. Twaichukia pombe, hatuna ruhusa ya kuyachukia mapafu ya mama afutaye meza, wala ya mtoto aliye tumboni mwake. Jirani ana haki yake japokuwa si wa dini yetu.

Kwa hivyo jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili. Hoja ya mwenye baa haina haki, kwa sharia wala kwa sheria ya nchi. Nawe yakupasa useme, kwa mpango na kwa upole. Rudi kwake kwanza, umweleze sheria, umtake wavutaji watoke nje, mbali na milango. Asiposikia, peleka khabari kwa afisa wa afya ya umma wa upande huo, kwani hiyo ni kazi yake. Usende kwa matusi wala kwa kundi la vijana. Anayeondoa dhara kwa dhara hakuondoa kitu.

Kisha na sisi tulio mijini tujitazame. Ni nani auzaye sigara moja moja, na hali sheria ile ile yakataza kuuza chini ya pakiti ya sigara kumi? Wengi wao ni sisi, na wanunuzi wao ni watoto watokao chuoni. Ni nani awashaye sigara barazani, mzee amekaa kushoto na mjukuu kulia? Ni nani aonaye kuwa shisha arusini ni ustaarabu? Hatuwezi kumwambia mtu wa Muthetheni azibe tundu lake, na hali chombo chetu chavuja.

Twawaomba wenye darsa wayazungumze maswali haya kabla ya kukutana tena: Ridhaa ya mtu hukomea wapi, ikiwa kitendo chake chamfikia asiyeridhia? Mwenye kuajiri ana amana gani juu ya afya ya mtumishi wake? Na je, katika nyumba yako mwenyewe, ni nani avutaye moshi asioutaka?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika la kheri. Amin.