Simu za Intaneti Bugarama: Tengeneza Ruta Kabla ya Kulaumu Mnara

Mtu wa Bugarama, wilayani Ngara, anampigia nduguye aliyeko Dar es Salaam kwa intaneti. Simu inaita, inapokelewa, kisha mmoja hasikii kitu. Wa kwanza kulaumiwa ni mnara, na anayefuata ni bando. Kabla hujanunua bando jingine, chunguza simu inaharibika kwa namna gani, maana kila namna ina chanzo chake.

Sauti inayokatikakatika hutokana na foleni au mawimbi dhaifu. Maongezi hayali intaneti nyingi: simu ya SIP, yaani mfumo wa kupiga simu kwa intaneti, yenye sauti ya kiwango cha G.711 hutumia kilobiti 80 hadi 90 kwa sekunde kila upande. Adui wake ni kuchelewa, na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, hushauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Mtu wa chumba cha pili akituma video kubwa, sauti yako inasubiri nyuma yake hata kama bando limejaa. Sitisha video hiyo, upige tena. Ikitulia, ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta QoS, sehemu ya kupanga vipaumbele, uipe sauti nafasi ya kwanza.

Ruta ya laini iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Bati huzuia mawimbi, kwa hiyo usiiegeshe chini ya paa wala nyuma ya kabati la chuma.

Sauti ya upande mmoja, au simu inayokufa baada ya nusu dakika hivi, ina chanzo kingine, na hapa ndipo watu hupoteza fedha bure. Anwani za intaneti za aina ya IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu, hazitoshi dunia nzima, hivyo vifaa vyote vya nyumbani hutokea nje kwa anwani moja ya ruta. Ruta hukumbuka kifaa kipi kinawasiliana na nani. Kimya kikizidi, husahau, nyingine ndani ya sekunde 30, na sauti inayorudi hukosa mlango. WhatsApp hukwepa tatizo hilo kwa kupitisha sauti kwenye seva za kati inapobidi. Programu za SIP zinahitaji msaada wako: zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa SIP, washa STUN, inayoijulisha programu anwani yako ya nje, na uiamuru programu itume ishara kila sekunde 20 ili njia isifungwe.

Kama una ruta mbili zilizofuatana, ya pili ibaki kusambaza Wi-Fi tu. Tazama pia anwani ya nje ya ruta: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni ya simu inakuchanganya na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Hapo fundi akitaka malipo ili akufungulie milango ya ruta, mkatalie, haitasaidia.

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na laini iliyo karibu na mpaka inaweza kudaka mnara wa jirani. Zima roaming, kisha uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia ruta ichague.

Umeme ukikatika, ruta isiyo na betri huzima na simu zako za intaneti huzima nayo. Kwa hiyo weka salio kwenye laini ya kawaida, na dharura ikitokea piga 112 kwa laini hiyo, kwa kuwa WhatsApp haipigi namba za dharura.