Mimba Yenye Hatari: Kusoma Vipimo vya Kliniki na Kujua Wakati wa Kumwona Daktari Bingwa

Somo la afya kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi

Kabla ya kuanza, chukua kijitabu chako cha Afya ya Mama na Mtoto, kile unachopewa siku ya kwanza ya kliniki. Kama wewe si mjamzito, azima cha dada au cha binti yako, kwa ruhusa yake. Akina mama wengi hukitunza vizuri, hukifunga ndani ya leso kisilowe, hukileta kila mwezi. Lakini ukiwauliza nambari zilizoandikwa ndani zina maana gani, hunyamaza. Kosa si lao. Sisi wauguzi huandika haraka kwa sababu foleni ni ndefu, na mara nyingi mama huambiwa tu, "Uko sawa, rudi mwezi ujao."

Somo hili ni la kumsaidia mama, mumewe na mamake mumewe kuzisoma nambari hizo wenyewe. Sensa ya mwaka wa 2019 ilikadiria kuwa nchini Kenya wanawake 355 hufariki kutokana na ujauzito na uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Sababu kubwa ni kuvuja damu, presha ya mimba na maambukizi. Presha na upungufu wa damu huonekana mapema kliniki, mama angali anatembea na kwenda shambani kama kawaida.

Ni mimba ipi iliyo na hatari?

Kusema mimba ina hatari si kusema mama amekosea jambo, wala kwamba amerogwa. Maana yake ni kwamba kuna sababu ya kumwangalia kwa karibu zaidi kuliko wengine. Yuko kwenye kundi hili msichana ambaye mwili wake haujakomaa, mama aliyepita miaka 35, aliyewahi kuzaa kwa upasuaji, aliyepoteza mtoto tumboni au baada tu ya kuzaa, na aliyewahi kupata presha au kifafa cha mimba. Pia mwenye mapacha, mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo, selimundu (wengi huiita siko seli) au virusi vya Ukimwi, na aliyezaa mara tano au zaidi. Anayevuja damu wakati wowote wa ujauzito huingia kundi hili siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo siku ya kwanza ukiulizwa habari za mimba zilizopita, sema zote, hata ile iliyoharibika na hukutaka mtu ajue. Unayemwambia amefungwa na kanuni za kazi asizitoe nje.

Mfano: kitabu cha Kadzo

Tutumie mama wa kubuni, tumwite Kadzo. Ana miaka 36, anaishi upande wa Bamba, hii ni mimba yake ya nne. Katika mimba ya tatu alipanda presha mwishoni na mtoto akazaliwa mdogo. Hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 10 Januari.

Tarehe ya kujifungua hukadiriwa hivi: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha hesabu miezi 9 mbele. Kwa Kadzo tunapata 17 Oktoba. Hesabu hii inafaa kwa anayepata hedhi kila baada ya siku 28 na anayeikumbuka tarehe. Asiyeikumbuka anahitaji skani mapema, kwa sababu kadiri mimba inavyokua ndivyo skani inavyopungukiwa na uhakika wa umri. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate skani moja kabla ya wiki 24. Umri wa mimba ukikosewa, yote yanayofuata hukosewa: mtoto anayekua vizuri ataonekana mdogo, na aliyepitisha siku ataonekana bado.

Kadzo alifika zahanati tarehe 28 Machi, akiwa na wiki 11. Amefanya vyema. Mwongozo ni kwamba mama aanze kabla ya wiki 12 zimalizike, na ahudhurie mara 8 hadi ajifungue, wala si mara 4 kama tulivyozoea zamani.

Siku hiyo alitolewa damu na kupewa kichupa cha mkojo. Damu hupimwa mambo kadhaa. Wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Chini ya 7 ni upungufu mkali na mama hapaswi kungoja. Hupimwa pia kaswende, homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi, kwa idhini ya mama. Magonjwa haya matatu mama anaweza kuwa nayo bila kujijua, na kwa yote iko njia ya kumkinga mtoto ikiwa yatajulikana mapema. Wakiweza, mume na mke waje kupimwa pamoja.

Kisha kuna kundi la damu, ambalo wengi hulipita haraka. Angalia kama mbele ya herufi pameandikwa alama ya kujumlisha au ya kutoa. Mama mwenye alama ya kutoa akibeba mtoto mwenye alama ya kujumlisha aliyoirithi kwa baba, mwili wa mama unaweza kutengeneza kinga inayoshambulia damu ya mtoto. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hunusurika, wanaofuata ndio huumia. Kinga yake ni sindano ya anti-D, hutolewa karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ana alama ya kujumlisha. Hutolewa pia mimba ikiharibika au mama akivuja damu. Sindano hii haipatikani kila kituo, kwa hivyo anza kuiulizia mapema, usingoje uchungu.

Kwa sisi wa Pwani kuna mambo mawili zaidi. Malaria kwetu ni ya mwaka mzima, na mama hupewa vidonge vya SP kuanzia wiki ya 13, dozi baada ya dozi kila mwezi, isipokuwa kama tayari anatumia Septrin. La pili ni selimundu. Mtu anaweza kubeba chembe moja ya ugonjwa huu maisha yake yote bila kuugua. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kama kuna mtoto katika ukoo ambaye huumwa mifupa mara kwa mara na kuongezewa damu, mweleze muuguzi. Mama mwenye selimundu mwenyewe hafai kufuatiliwa zahanati peke yake. Ahudumiwe pamoja na daktari bingwa wa uzazi tangu mwanzo.

Presha haiumi

Presha ya Kadzo siku ya kwanza ilikuwa 128/84. Hiyo haijafika kiwango cha hatari, lakini kwa kuwa aliwahi kupanda presha, muuguzi alimwandikia rufaa amwone daktari. Daktari alimwanzishia aspirini ya kiasi kidogo, miligramu 75 kwa siku. Dawa hii hupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba kwa mama aliye katika hatari, na hufaa ikianzwa kabla ya wiki 20. Usijinunulie dukani, kiasi cha kutuliza maumivu ya kichwa ni kikubwa zaidi na hakitakiwi hapa. Alipewa pia kalisi, pamoja na vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki ambavyo kila mjamzito hupewa.

Hapa niseme na wale waliokuwa na presha kabla ya mimba. Baadhi ya dawa za presha, enalapril mojawapo, humdhuru mtoto tumboni. Usiziache ghafla, na usiendelee kuzimeza ukingoja tarehe ya kliniki. Nenda wiki hiyo hiyo ubadilishiwe.

Tarehe 8 Agosti Kadzo alikuwa na wiki 30. Presha ilisoma 146/94. Alipumzishwa, ikapimwa tena baadaye, ikasoma 144/92. Mkojo ulionyesha protini. Yeye mwenyewe alijisikia mzima kabisa, ila pete ilikuwa imembana kidoleni. Nyumbani mamake mumewe alikuwa amesema uvimbe ule ni dalili ya mtoto wa kiume.

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Presha ikifika 140/90 au zaidi baada ya wiki 20, pamoja na protini kwenye mkojo, ni dalili ya ugonjwa unaozaa kifafa cha mimba, hata kama mama anacheka na kupiga soga. Uvimbe wa miguu jioni ni kawaida. Wa uso na mikono si wa kupuuza. Mama akianza kuumwa na kichwa kusikopoa, kuona maruweruwe au kuumwa chini ya kifua upande wa kulia, ugonjwa umeshakwenda mbali. Presha ikifika 160/110 ni dharura ya saa hiyo, usiku au mchana.

Kadzo aliandikiwa rufaa. Jibu lake lilikuwa, "Dada, nitakwenda wiki ijayo, baba watoto akirudi." Muuguzi alimwomba nambari ya simu ya mumewe, akampigia hapo hapo. Jioni Kadzo alikuwa hospitali.

Daktari bingwa hufanya nini?

Wengi huogopa rufaa kwa sababu wanadhani mwisho wake ni kisu. Kwa Kadzo kazi ya kwanza ilikuwa kupima zaidi: damu ya kuonyesha hali ya figo, ini na chembe za kugandisha damu, na skani ya kuona kama mtoto anakua na ana maji ya kutosha. Alipewa dawa ya presha isiyomdhuru mtoto. Kungekuwa na dalili kwamba atazaa karibuni, angedungwa dexamethasone, ambayo hukomaza mapafu ya mtoto aliye kati ya wiki 24 na 34. Ugonjwa ungekuwa mkali, angepewa magnesiamu salfeti kuzuia degedege, na dozi ya kwanza hutakiwa kutolewa hata kabla ya safari ya rufaa.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya ila kujifungua. Kwa hiyo daktari hupima kila mara mizani mbili: afya ya mama upande mmoja, ukomavu wa mtoto upande wa pili. Kama presha inashikika na vipimo vya damu ni vizuri, mimba hulindwa hadi wiki ya 37, ambayo kwa Kadzo ni 26 Septemba, kisha uchungu huanzishwa. Hali ikizidi kuwa mbaya, mtoto hutolewa mapema ili mama asife. Kati ya wiki 30 na wiki 37 kuna wiki 7, na kwa mtoto ni tofauti ya kulala kwenye mashine ya joto na kulala kifuani kwa mamake siku ile ile. Baada ya kuzaa presha inaweza kupanda tena, kwa hivyo usiache kupimwa wiki ya kwanza.

Skani na kasoro za mtoto

Skani ya kati ya wiki 18 na 22 huangalia viungo vya mtoto, idadi yao, na mahali kondo la nyuma lilipokaa. Kondo likiziba mlango wa uzazi, mama atavuja damu nyingi akijaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, na kujifungulia nyumbani kunaweza kumuua. Skani pia inaweza kuonyesha kichwa maji au mgongo wazi. Haioni kila kitu. Mtoto anaweza kuonekana sawa akazaliwa na tatizo.

Kuna vipimo vya kuangalia hali kama ugonjwa wa Down, ambao huongezeka umri wa mama unapopanda. Vingine hutumia damu ya mama na hueleza uwezekano tu. Jibu la uhakika hutokana na maji yanayomzunguka mtoto, yanayotolewa kwa sindano, na kipimo hicho kina hatari ndogo ya kuharibu mimba. Hakuna anayelazimishwa. Kabla ya kukubali, muulize daktari: matokeo haya yatabadilisha nini katika matibabu yangu? Familia nyingine hutaka kujua ili zijiandae na kuchagua hospitali ya kujifungulia. Nyingine husema hapana, na hiyo ni haki yao pia.

Maandalizi kabla ya siku

Jisajili SHA mapema, wewe na wanaokutegemea, na uhakikishe usajili umekamilika kabla ya miezi ya mwisho. Kwa mimba yenye hatari, kubaliana na muuguzi utajifungulia hospitali gani yenye chumba cha upasuaji na damu, iwe Kilifi, Malindi au Mariakani, na utafikaje usiku. Andika nyuma ya kijitabu nambari za watu wawili wenye gari na za jamaa wawili walio tayari kutoa damu. Kama nyumba yako iko mbali na barabara, fikiria kuhamia kwa jamaa aliye karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla.

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako ana mashine ya presha kwenye mkoba wake. Mwombe akupime kati ya kliniki moja na nyingine, aandike tarehe na nambari zote mbili, ya juu na ya chini. Akikuta 140/90 au zaidi, nenda kituo cha karibu siku hiyo hiyo, na ukibebe kijitabu.