Mafunzo Niliyopata kwa Vyuma Chakavu

Nilianza kwa kuchomelea mageti na nondo za madirisha Gerezani, Dar es Salaam. Sanamu zilikuja baadaye, siku nilipoona cheni ya bodaboda imejikunja sakafuni kama shingo ya korongo.

1. Kiulize chuma kilikuwa nini kabla hujakitia moto.

Miguu ya twiga wangu wa kwanza ilikuwa mabomba ya maji ya zamani, yale meupe yaliyopakwa zinki. Nilichomelea kutwa nzima, mlango wa banda umefungwa kwa sababu ya mvua. Jioni nikaanza kutetemeka, kifua kimebana, mdomoni ladha ya chuma. Nikaenda kupima malaria, hakuna. Kesho yake fundi mmoja mzee akaniuliza: “Dogo, bomba ulilochoma lilikuwa jeupe?” Akajua tatizo hapo hapo. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma hakiyeyuki mpaka karibu 1,500. Chuma kinapokubali kushikana, zinki imeshageuka moshi na wewe umeshauvuta. Siku hizi naiondoa kwanza kwa grenda, barakoa usoni, na nachomelea nje nikiwa upande unakotoka upepo. Pipa lililobeba petroli na shokapu ambayo haijatobolewa siviwashii moto kabisa. Kilichofungiwa ndani hulipuka.

2. Chuma cha kusubu hakitaki haraka.

Kichwa cha nyati nilikitengeneza kwa kipande cha bloku ya injini. Kilipokuwa kinapoa nikasikia “ta!”, ufa ukapita katikati ya macho. Sasa kipande cha namna hiyo nakipasha moto chote, nachomelea kidogo kidogo, kisha nakifukia kwenye majivu mpaka asubuhi.

3. Muuzaji anapima kilo, wewe pima umbo.

Gia moja yenye meno mazuri inanifaa kuliko kiroba kizima cha nondo.

4. Usifute alama za zamani.

Hili lilinichukua miaka. Nilikuwa nasaga kila kiungo, napaka rangi nyeusi, sanamu inabaki bubu. Kisha nikaona picha ya kiti cha enzi alichotengeneza msanii Kester wa Msumbiji mwaka 2001 kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuficha hata kitako cha bunduki. Unaona kiti na unaona vita, vyote kwa wakati mmoja, na moyo unashtuka.

Nikarudi kwa nyati wangu, nikaziacha springi za lori zionekane kuwa springi, zimepinda kama mbavu. Siku moja dereva mstaafu alisimama mlangoni, akazipapasa moja moja. “Hizi zilinikatikia mlima Kitonga, usiku, na mzigo juu.” Hakuuliza bei, wala mnyama gani. Nikamvutia kigoda. “Karibu ukae, mzee wangu. Ikawaje?”